Usiizike shingo ya mche wa parachichi

Mwaka juzi nilinunua miche 12 ya parachichi aina ya Hass, mizuri kabisa, imebebeshwa (yaani kikonyo cha Hass kimeungwa juu ya shina la kienyeji), majani yanang'aa, nikaipakia kwenye Noah nikaipeleka Kibosho, Moshi, kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha nyumbani. Kufika mwezi wa nane imebaki 4. Na mi si mvivu jamani, nilikua namwagilia kila siku, yaani kila jioni hata kama asubuhi mvua imenyesha, na kwenye kila shimo nilikua nimetia madebe mawili ya samadi ya ng'ombe, tena ile mbichi ya kutoka zizini maana niliona ndo yenye nguvu.

Nikasema ni mchwa. Nikanunua dawa nikapiga. Wapi! Majani yananyauka huku udongo umelowa, na mimi nikiona yamenyauka naongeza ndoo nyingine.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja jirani, kihamba chake na chetu vinatenganishwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji. Alikua anapita zake, nikamwamkia, akaitikia, alafu badala ya kuangalia majani akachuchumaa akaanza kufukua kwa kidole pale shinani. Kidole kikazama chote ndo akaikuta ile alama ya pale ulipobebeshwa. "Mwanangu, huu mche umeuzika ukiwa hai." Akauvuta, ukatoka bila ubishi. Mizizi myeusi, ukiiminya gamba linachubuka linabaki kauzi katikati, na kiharufu cha maji ya mtaro. Mizizi mizima inatakiwa iwe na ncha nyeupe hivi kama maziwa.

Kumbe parachichi mizizi yake ya kunyonya chakula iko juu juu na inataka hewa kuliko unavyodhani. Ukiweka tope muda wote inakosa pumzi, na hapo ndo Phytophthora, kimelea cha udongoni kinachofanana na kuvu, kinapojipatia chakula, mizizi inaoza. Ikishaoza haiwezi tena kunyonya maji, ndo maana mti unanyauka ukiwa umesimama kwenye tope na we unadhani una kiu. Na samadi mbichi nayo inachemka humo ndani inaunguza.

Saivi nafanya hivi. Shimo futi mbili kwa mbili nachimba mwezi mzima kabla, udongo wa juu naweka upande wake na wa chini upande wake, nachanganya ule wa juu na debe moja la samadi iliyoiva (isiyonuka, inayopukutika mkononi) narudishia, naacha ushuke wenyewe. Ukipanda siku hiyo hiyo uliyochimba, udongo utashuka baadaye na mche utashuka nao, shingo (pale shina linapotokea kwenye mizizi) inazama bila we kujua. Kabla ya kurudishia namwaga maji shimo lijae jioni, kesho asubuhi naenda kuangalia. Huku juu mlimani maji yanakua yameshakwenda. Shemeji yangu yuko chini Mabogini, kwake shamba ni mfinyanzi, siku ya pili maji bado yametulia kama bwawa, huyo nilimwambia asichimbe, ainue tuta la futi moja na nusu apande juu yake.

Kupanda ni mwisho wa mwezi wa tatu au mwanzo wa wa nne, masika ikishakolea, sio ile mvua ya kwanza ya kudanganya. Saa kumi jioni. Viriba namwagilia siku moja kabla, ili bonge lishikane lakini lisiwe uji. Wembe mpya: nakata kitako cha kiriba kwanza, kama kuna mizizi imejizungusha huko chini kama nyuzi za katani naiondoa na kipande kile, alafu nauweka mche shimoni ukiwa bado na plastiki ubavuni, ndo napasua kutoka juu hadi chini na kuichomoa taratibu. Bonge likivunjika hapa umeshapoteza nusu ya kazi, kwa hiyo usiupokee mche kwa kushika shina hata siku moja, shika bonge.

Juu ya bonge pabaki juu ya usawa wa ardhi kama vidole viwili. Unakandamiza kwa viganja, SIO kwa buti. Ndoo moja ya maji, basi. Baada ya hapo nachomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia, kikitoka na unyevu narudi nyumbani.

Matandazo ni majani makavu ya migomba, kwetu hayajawahi kuisha, ila yaachie shina nafasi ya kiganja. Kama jua ni kali weka kivuli cha kuti upande wa magharibi wiki za mwanzo. Ule utepe wa plastiki wa kubebeshea utoe ukiona unaanza kukaba, na kila chipukizi linalotoka chini ya kiungio livunje, hilo sio Hass, ni la shina la kienyeji.

Ile 8 niliyorudishia mwaka jana, 7 iko hai imenipita kiuno. Mmoja ulitafunwa na mbuzi wa mzee yule yule, na hilo mpaka leo hatujaliongelea.