Sonic 3 haimo kwenye ile diski
Kaka, umeuliza kama mchezo wa video wa Sonic 3 umo kwenye SEGA Mega Drive Classics ya PS4, ile diski ya 2018 yenye mkusanyo wa michezo ya zamani ya SEGA. Hapana, haimo. Sonic ya kwanza na ya pili zimo, Streets of Rage zote tatu zimo, lakini hiyo waliiacha. Diski ninayo hapa nyumbani Kadutu, Bukavu. Menyu yake ni chumba cha kijana chenye rafu ya kaseti, nami nimeipitia rafu yote, michezo zaidi ya 50, nikiitafuta.

Mwenye PS3 bado ana bahati: mkusanyo wa SEGA wa 2009 una Sonic 3. Vinginevyo chukua Sonic Origins ya 2022, ila muziki wa baadhi ya hatua umebadilishwa. Ukifika Ice Cap, ile hatua ya theluji ya Sonic 3, utasikia wimbo mwingine kabisa, si ule tuliokuwa tunauimba tukigombania maneti, yaani vidhibiti vya kuchezea.

Jambo moja zuri la hiyo ya 2018: ukiangukia miiba unarudisha mchezo nyuma sekunde chache. Wengine wanaita wizi. Mimi naitumia bila haya. Ila hifadhi mara kwa mara, maana umeme wetu unaujua.