Maswali ya Wasomaji: Risasi Ipi Inamfaa Anayeanza Mashindano ya Kulenga Shabaha?

SWALI: Mimi ni mwanamke mzaliwa wa Mombasa, na ninafanya kazi kusini mwa Uingereza. Nimemaliza muda wa majaribio katika klabu ya kulenga shabaha, ambako tunatumia bunduki za klabu za .22 ndani ya ukumbi, kwa umbali wa yadi 25. Sasa nataka kununua bunduki yangu mwenyewe na kuingia mashindanoni. Mwanachama mmoja ananihimiza ninunue ya .308 Winchester ili nishindane katika uwanja wa shabaha wa Bisley, hadi yadi 1,000. Mwingine anasema 6.5 Creedmoor ndiyo ya kisasa. Mwili wangu ni mdogo na fedha zangu ni za kuhesabu. Nichague risasi gani? (Msomaji, Surrey)

JIBU: Dada yetu, chagua kwanza shindano, ndipo uchague risasi, kwa sababu kila shindano lina kanuni zake kuhusu risasi zinazokubaliwa. Huko uliko jambo hili lina uzito wa kisheria pia: cheti cha silaha kinachotolewa na polisi hutaja kaliba ya kila bunduki (kipenyo cha tundu la mtutu, kama .22 ya inchi) na idadi ya juu ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hiyo anayebadili nia baadaye hulazimika kurudi polisi kuomba cheti chake kirekebishwe.

Ushauri wangu ni kwamba ununue bunduki ya .22 Long Rifle na ushindane nayo kwa msimu mzima au zaidi. Risasi hii, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1887, ndiyo inayotumika katika Olimpiki kwa umbali wa mita 50, mahali ambapo duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, asikudanganye mtu kwamba ni ya watoto. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha, kina uzito wa takriban gramu 2.6, na risasi za mashindano hutengenezwa ziende polepole kidogo kuliko sauti, kwa kuwa kichwa kinachoanza kwa kasi kuliko sauti kisha kikashuka chini yake njiani huyumbishwa na mabadiliko hayo. Teke lake, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, halisikiki begani. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana mlengaji anayeogopa teke hufumba macho na kukaza bega kabla ya risasi kutoka, na mazoea hayo yakishaingia mwilini ni kazi kubwa kuyaondoa.

Kwa kuwa risasi ya .22 haiwezi kujazwa upya nyumbani, utategemea ile ya kiwandani, na hapa ndipo wanaoanza hupoteza alama bila kujua. Risasi za jina moja na bei moja, zikitoka katika matoleo mawili tofauti ya kiwandani, zinaweza kupishana waziwazi katika mtutu mmoja. Jaribu matoleo kadhaa kwa bunduki yako ikiwa imeegemezwa imara, kisha ununue kwa wingi, kwa kadiri cheti kinavyoruhusu, lile linalokusanya matundu mahali pamoja. Usikimbilie la bei ya juu kabla ya kupima. Mtutu wako huenda ukapenda la bei ya kati.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, nakushauri .223 Remington kabla ya .308. Mashindano ya daraja la F/TR, ambamo mtu hulala kifudifudi na bunduki hukaa juu ya miguu miwili, hukubali risasi hizo mbili peke yake, kwa hiyo hutafungiwa mlango. Katika bunduki zenye uzito sawa, teke la .308 ni mara nne au zaidi ya lile la .223, na bei yake kwa kila risasi huwa ya juu. Hadi yadi 600, .223 yenye kichwa kizito cha takriban gramu 5 haiachwi mbali na .308 katika kuhimili upepo. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: mifuo ya ndani ya mtutu iwe inakamilisha mzunguko mmoja katika inchi 8 au pungufu. Mitutu mingi ya zamani huzunguka mara moja katika inchi 12, na hiyo haiwezi kutuliza vichwa vizito hivyo angani.

Ikiwa moyo wako uko kwenye King's Prize, taji kuu la mashindano ya Bisley, ambalo fainali yake hupigwa kwa yadi 900 na 1,000, hapo .308 yenye kichwa cha gramu 10 ndiyo iliyozoeleka, nawe utaifikia. Udogo wa mwili haukuzuii: mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda taji hilo, tena kwa bunduki ya kijeshi ya .303, ambayo teke lake si haba. Naliheshimu sana jambo hilo, lakini Bi. Foster hakuwa mgeni wa mchezo siku ile.

Kuhusu 6.5 Creedmoor, ni risasi nzuri sana, ila haiingii F/TR. Ingekupeleka daraja la wazi (F-Open), kati ya wazoefu wenye bunduki za hadi kilo 10 na risasi zenye nguvu zaidi, na mtutu wake huchakaa mapema kuliko wa .308 kwa kuwa baruti nyingi huungua ikipita kwenye tundu jembamba.

Kwa sasa omba cheti cha .22 peke yake. Kabla ya kuongeza .223, iulize klabu yako kama inaandaa siku za kwenda Bisley na bunduki zake za masafa marefu, kwani mwanachama kamili wa klabu iliyoidhinishwa anaweza kutumia bunduki ya klabu bila cheti chake mwenyewe. Piga risasi 20 za .223 na 20 za .308 siku moja, ukiandika alama za kila kundi. Zikianza kushuka kuelekea mwisho wa .308, bega lako litakuwa limeshajibu swali la bunduki ya pili.