Rangi ya chumba cha mama, Pangani

Mhariri, wiki hii mmeuliza chumba cha kulala kipakwe rangi gani ili mtu apate usingizi mzuri. Swali limenigusa pabaya. Kabla ya rangi, ningetaka mtu aulize ukuta wenyewe ni wa nini. Sisi wa pwani tunazijua nyumba zetu: ile ya mawe ya matumbawe na chokaa si sawa na ya tofali za saruji huko Mbagala au Chanika. Ukuta wa mawe hufyonza unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa taratibu kwa hewa. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, chumvi inachomoza, lipu inamomonyoka. Hapo iwe krimu, iwe kijani, hasara ni ile ile.

Nasema haya kwa sababu ya chumba cha mama yetu kule Pangani. Baba alipofariki, mama alikaa eda humo humo walimokuwa wakilala wawili. Miezi minne na siku kumi ilipokaribia kutimia, kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, akasema mama asiendelee kuzitazama kuta zile zile. Zipakwe upya, moyo wake upoe. Nia ilikuwa njema, hakuna aliyeipinga. Eda ilipokwisha akaja na fundi kijana na ndoo za rangi ya mafuta, krimu, ile inayong'aa na kufutika kwa kitambaa. Nilimwambia kaka kwamba ukuta ule tangu ujengwe haujaonja kitu isipokuwa chokaa. Akanijibu kuwa chokaa inachafua nguo kila mtu akiegemea. Hilo nalo ni kweli.

Chumba kikang'aa. Mama akashukuru, kisha akahamishia godoro lake ukumbini. Tukimuuliza, anasema harufu. Harufu ikaisha, mama bado yuko ukumbini.

Ikaingia masika. Malengelenge yalianzia chini, karibu na sakafu, yakapanda hadi usawa wa kitanda. Ukibonyeza moja linatoa maji na unga mweupe wa chumvi. Fundi kijana, kwa simu, akasema tupige msasa na kuongeza mkono mmoja wa rangi juu yake. Mimi nikaenda kumwita mzee mmoja wa mtaani, fundi wa chokaa tangu ujana wake. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, huku panaitika, kule panalia wazi. Akasema, "Bi Mkubwa, ukuta umezibwa pumzi. Tubandue yote."

Kubandua rangi ya mafuta ni kazi ya kukata mikono. Tulikwangua kwa vyuma, ukuta tumeulowesha, pua tumezifunga kwa khanga, wajukuu tumewafukuzia uani, maana rangi nyingine za mafuta zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Chini ya krimu zikaanza kutoka tabaka za chokaa: buluu hafifu, ile ya kuchanganya chokaa na bluu ya kufulia, chini yake kijani kilichofifia, chini yake buluu nyingine, halafu nyeupe. Mama akaja akasimama mlangoni, akazitaja moja moja. Buluu ya juu, hiyo ya baba yenu. Kijani ni ya bibi yenu, mama yake baba yenu, alipokuja kuishi nasi. Buluu ya chini nimeikuta siku naingizwa humu bibi harusi.

Mzee akauliza, "Turudishe buluu basi?"

Mama akasema, "Katika hizo zote hakuna niliyochagua mimi. Nataka waridi."

Tulinyamaza. Mzee ndiye aliyejibu, na alijibu kama fundi: si kila rangi inaelewana na chokaa, nyingine huliwa zikapauka mara moja, lakini oksaidi nyekundu, ule unga wa kutia rangi sakafu, inavumilia. Chokaa alikuwa nayo tayari, imelowekwa kwenye pipa siku nyingi. Akaichuja kwa kitambaa, akatia chumvi kidogo ili ishike, akaongeza oksaidi kwa kijiko. Kila mchanganyiko aliujaribu nyuma ya mlango na kusubiri ukauke, kwa sababu chokaa mbichi inadanganya, ikikauka hupauka sana. Mama aliukataa wa kwanza, akasema umekuwa kama udongo. Akaukataa mwingine. Sikuwahi kumwona mama akikataa kitu mara mbili mfululizo. Alipoupata wake, mzee akaanza kurashia ukuta maji na kupaka, mikono myembamba myembamba, kila mmoja ukingojewa. Mama alirudi kulala chumbani kabla ya mkono wa mwisho.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kuwaambia kuwa rangi si kitu, ukuta ndio kitu. Sasa sina uhakika huo. Chokaa peke yake ingeuponya ukuta, lakini sidhani kama ingemtoa mama ukumbini. Wala siwezi kuapa kuwa ni waridi iliyomtoa. Huenda msiba ulikuwa umepoa, huenda alichoka na mbu wa ukumbini. Ila mkinibana, jibu langu ni waridi, na mimi mwenyewe siipendi.

Jibu hili ni la nyumba ile. Mwenye nyumba ya saruji atumie rangi ya maji isiyong'aa, na lipu mpya aiache ikauke kama wiki nne kwanza. Ajaribu kipande ukutani, akitazame usiku kwa taa yake mwenyewe, kwani waridi nzuri ya mchana huweza kuwa kijivu chini ya taa nyeupe. Chumba kinachopigwa na jua la magharibi kisipakwe rangi nzito. Mpangaji amuulize mwenye nyumba mapema. Na kwa chumba cha mtoto, tafuteni rangi isiyotiwa risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi.

Chokaa nayo inataka kurudiwa kila baada ya miaka michache, na kaka ameshasema gharama ya mara ijayo ni yake. Nimemwambia asinunue kitu mpaka mama aulizwe upya, maana inawezekana kufikia hapo atakuwa amechoka na waridi.