Kazi Hii ni ya Nani? Mitaro, Maji na Mikoko Yetu

Barua za safari hii zimeletwa na mvua. Hapa Mombasa baraza la manispaa liliondoka 2013 na kaunti ikashika mahali pake, lakini wengi wetu mpaka leo tunasema "kanju", yaani baraza, kwa kila jambo, la maji, la barabara, hata la bahari. Ndiyo maana malalamiko mengi hubishwa kwenye mlango usio wake.

Mtaro ulio mbele ya duka langu umeziba, mvua ya nusu saa tu maji yako ndani. Nimekwenda kwa mwakilishi wadi mara tatu, naambiwa barabara si ya kaunti. Ni kweli? – Mwenye duka, Majengo

Yaweza kuwa kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti barabara za kaunti na maji ya mvua mjini. Barabara kuu za taifa ni za KeNHA, na kadhaa kubwa za mjini ni za KURA, zote mbili mamlaka za barabara za serikali kuu. Mtaro wa kando hufuata barabara yake. Nenda kwa mhandisi wa barabara wa kaunti, umwombe akuandikie barabara hiyo ni ya nani. Usitoke na maneno matupu, maana karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa mwenyewe. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21.

Tena, ndugu yangu, tazama kilichoziba ni nini. Mara nyingi ni kibanda kilichowekwa juu ya mtaro, au mtu kaumwagia zege apate pa kuegesha gari. Hapo hata waje na tingatinga kila mwezi, maji yatarudi. Liseme hilo katika barua yako, ijapokuwa mwenye kibanda ni jirani yako.

Mfereji wangu hutoa maji mara moja kwa wiki, nyingine nanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Jirani amechimba kisima, anatuuzia. Kaunti inafanya nini? – Mama wa watoto wanne, Kisauni

Mama, shida yako inaanzia mbali na mfereji wako. Mji huu hauna chanzo kikubwa cha maji kilicho chake. Tunakunywa ya Mzima, kule Tsavo, Taita Taveta, kwa bomba lililokamilika 1957. Tunakunywa ya Baricho, kwenye mto Sabaki upande wa Kilifi. Na ya Marere na Tiwi, Kwale. Kaunti tatu zinatunywesha, nazo zina watu wao wenye kiu. Wa Taita Taveta wamelalamika miaka mingi kwamba Mzima ni yao na mifereji yao mikavu, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kuyaleta maji hayo na kuyauza kwa jumla ni kazi ya wakala wa serikali kuu. Kampuni ya maji ya Mombasa, ambayo ni ya kaunti, huyanunua na kuyagawa majumbani. Basi maji yakikatika, uliza kwanza: ni mtaa mzima, au ni mstari wenu tu? Ikiwa ni mtaa mzima, dai ratiba ya mgao kwa maandishi. Ikiwa ni mstari wenu, kuna bomba lililopasuka au watu wamejiunganishia kwa wizi, na hapo kampuni ya kaunti haina wa kumsingizia. Bei nayo haipandi bila idhini ya WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, kwa Sheria ya Maji ya 2016.

La kisima ndilo linalonitia hofu zaidi. Nyumba nyingi hapa hazina njia ya maji taka, zina vyoo vya shimo, na visima viko hatua chache kutoka hapo. Afya ya umma ni kazi ya kaunti: mwite afisa wa afya aje ayapime maji ya jirani. Kabla hajafika, chemsha kila tone la kunywa. Chumvi haitatoka, lakini kipindupindu kitakufa.

Tunalipa vijana wabebe taka, kisha wanazimwaga pembeni mwa barabara. – Mpangaji, Likoni

Ubebaji wa taka na majaa ni jukumu la kaunti, na anayezibeba kwa malipo lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Waulizeni leseni, na waulizeni wanamwaga wapi. Niliyekulia Tudor nakumbuka matatu zikifunga madirisha kwa harufu ya Kibarani. Jaa lile lilifungwa 2018, na leo mtu anavuka pale akivuta pumzi. Kwa hiyo inawezekana. Ila taka hazikutoweka: nyingi zinakwenda Mwakirunge, na watu wa Mwakirunge nao wana pua.

Njia yetu ya kwenda ufuoni imefungwa kwa lango. – Bamburi

Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, Kifungu cha 62 cha Katiba. Kuhusu njia yenyewe, itazameni kwenye ramani ya upimaji. Ikiwa imechorwa kuwa ya umma, pelekeni nakala kwa idara ya ardhi ya kaunti na kwa Tume ya Ardhi.

Mwanangu, nimevua hori ya Tudor tangu ujana wangu. Vijana wanakata mikandaa usiku, na maji taka yanamwagwa humo humo. Nani atasikia? – Mvuvi mzee, Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa serikali tangu 1932, na mwenye kuisimamia ni Shirika la Misitu, KFS. Hakuna afisa wa kaunti awezaye kumpa mtu ruhusa ya kukata mkandaa, mchu wala mkoko. Anayedai anayo ya kaunti, anadanganya. Maji taka, hayo ni ya kaunti na kampuni yake, pamoja na NEMA.

Wewe unajua kuliko mimi kamba na kaa wanakulia wapi. Mizizi ikiondoka, nyavu zinarudi tupu. Pelekeni malalamiko kupitia kikundi chenu cha wavuvi, kwa tarehe na picha. Wasiposikia, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira, wala hatakiwi kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Watu wa Owino Uhuru, majirani zenu, walikwenda kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Mahakama ya hapa Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Walisubiri mno, na wengine walizika watoto. Lakini walisikilizwa.

Mikutano ya bajeti huitwa lini? Sisi husikia imekwisha. – Changamwe

Mnasikia Mei, wakati makadirio yameshafika bunge la kaunti, maana mwisho wa kuyapeleka ni Aprili 30. Wakati huo mnajadili kilichokwisha andikwa. Kazi huingizwa mapema, kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao lazima uwe bungeni kufikia Septemba 1. Yule mwenye duka wa Majengo, kama barabara yake ni ya kaunti na anataka mtaro upate fedha za Julai ijayo, jina la barabara hiyo liwe humo kabla ya Septemba hii.