Pingi 160 na mwenzako yuko mji huohuo: achana na DNS

Swali: Mimi na rafiki yangu tuko mji mmoja ila kampuni tofauti za intaneti. Nikipima pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kwenda kwake napata milisekunde 160. Nimepandisha kifurushi toka Mbps 20 hadi 100, nimebadili DNS, wapi. Kuna jamaa anauza app ya kushusha pingi, ninunue?

Jibu: Usinunue. Na hiyo DNS nani anawadanganya jamani, kila siku naulizwa hii hii. DNS inakutafutia anwani ya namba ya tovuti uliyoandika jina, ikishakupa imemaliza kazi, paketi zako (vipande vya data) hazipiti kwake. Tena ukihamia ya mbali unaweza kujiharibia, maana huduma nyingi za video zinaangalia ombi la DNS limetokea wapi ndo zinakuchagulia seva. Na Mbps ni mzigo kiasi gani unapita kwa sekunde, haisemi unazungushwa wapi.

Mwanga kwenye faiba unakimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, sasa mji mmoja 160 zinatoka wapi? Kampuni zenu hazijakubaliana kupokezana trafiki hapohapo, pengine mkubwa anataka mdogo alipie na mdogo kagoma, basi kila mmoja anapitia kwa anayemuuzia njia ya nje na wanakutana labda nchi nyingine ya mbali, paketi inaenda huko inarudi, jibu nalo linaenda linarudi. BGP, utaratibu wa kampuni za intaneti kuchagua njia, haipimi milisekunde kabisa, inafuata alichopanga injinia wa kampuni, na kawaida kinachopangwa ni hela: njia ya mteja anayeilipa kampuni kwanza, halafu ya waliokubaliana kupeana bure, ile kampuni yenyewe inayoilipia mwisho. Ila kama usiku wa manane pingi inashuka na jioni inapanda, hapo wameungana, poti (tundu linalounganisha kampuni hizo mbili) ndo imejaa.

Piga traceroute (kipimo kinachoonyesha paketi inapita wapi) pande zote mbili, wewe na yeye, njia ya kurudi huwa si ileile, halafu wapelekee kampuni zote mbili.

App hizo nyingi ni VPN tu, yaani zinapitisha trafiki yako kwenye seva yao kwanza. Ikibahatika seva yake imeungana vizuri na kote kuwili, pingi inashuka kweli, jamaa anajiita fundi, kesho anakuuzia na ruta ya gemu. Mtu anayekuahidi pingi bila kukuuliza uko kampuni gani na unaenda wapi anakisia. Akikuonyesha picha ya spidi test mwulize seva ya hiyo test iko wapi, mara nyingi iko ndani ya kampuni yako mwenyewe, paketi haijatoka hata mlangoni.