Pumu, karanga na unga wa lishe: kwa mnaoanza kliniki ya watoto

Hutamaliza wiki nyingi kliniki kabla hujakutana na mama aliyemwachisha mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga kwa sababu "ana pumu." Pengine aliambiwa na jirani, pengine (tusifichane) aliambiwa na mhudumu wa afya. Mtoto bado anakohoa, na kwenye kadi uzito umesimama. Usimgombeze. Muulize: akila, inachukua muda gani mpaka dalili zianze? Na zaidi ya kifua, nini kingine kinamtokea?

Aleji ya chakula inayoleta hatari huanza ndani ya dakika chache, kwa kawaida haivuki saa mbili. Tena ni nadra kuja na kifua peke yake. Ngozi hutoka mabaka ya kuwasha, midomo au kope huvimba, mtoto hutapika. Yule anayekohoa usiku, akikimbia au akishikwa na mafua, bila hayo mengine, kumnyima yai hakutamsaidia. Anahitaji dawa ya kuvuta ya steroidi (hutuliza uvimbe wa njia za hewa) kila siku, na mtu wa kumfundisha kuivuta. Kama spesa (kopo linalopokea dawa ya inhela kabla mtoto hajaivuta) hakuna, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako kiasi cha kushika mdomo wa inhela bila kuvujisha, mtoto avutie shingoni mwa chupa. Watafiti wa Cape Town waliipima miaka ya 1990 wakaona inafanya kazi vizuri.

Msije mkadhani basi aleji na pumu hazijuani. Zinatoka kwenye mwili wa aina moja. Mara nyingi huanza ukurutu uchangani, ikafuata aleji ya yai, maziwa au karanga, halafu miaka ya mbele pumu na mafua ya aleji. Si kila mtoto hupitia yote, lakini mchanga mwenye ukurutu mkali na aleji ya yai, mwambie mama aangalie kifua chake anavyokua.

Wa kuogopa ni mtoto mwenye vyote viwili. Njia zake za hewa tayari zimevimba, kwa hiyo chakula kikimdhuru kifua ndicho kinachobana kwanza, na pumu isiyodhibitiwa huongeza hatari ya kufa. Kila faili la aleji ya chakula liandikwe hali ya pumu, na pumu hiyo itibiwe sawasawa hata kama mtoto leo anacheza.

Kwa watoto hawa ulizeni unga wa lishe. Mama atakuapia kwamba karanga haziingii nyumbani, kumbe zimesagwa humo pamoja na soya na ngano, wakati mwingine na dagaa. Ulizeni pia jikoni: mvuke wa kamba au samaki wanaochemka unaweza kumbana mwenye aleji nao bila hata kuonja.

Vipimo vya damu au vya kuchoma ngozi msivisome peke yake. Kipimo chanya bila historia ya kudhurika hakitoshi kumnyima mtoto chakula.

Sasa dharura, ambako naona vijana wengi wakikosea mpangilio. Mtoto amekula, amevimba, kifua kinalia: mkono unakimbilia salbutamol ya kufungua kifua, Piriton ya aleji na hidrokotisoni, ambayo ni steroidi. Salbutamol haiondoi uvimbe wa koo wala haipandishi presha iliyoshuka, na hizo nyingine zinachelewa. Adrenalini kwanza, ile ya 1:1000 (mg 1 katika ml 1), ml 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtoto wa kilo 15 anapata ml 0.15, kwa hiyo sirinji ya ml 1 iwe karibu. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5, rudia. Salbutamol ifuate baada ya hapo. Alazwe chali, au akae kama anahangaika kupumua, ila asitembezwe kwenda wodini. Akipona msimruhusu haraka. Dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.