Picha za wadudu kwa karibu hapa Dodoma: kabla ya lenzi, nunua flashi

Mkuu, umeuliza kama ununue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, au ubaki na lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera, maana picha zako za wadudu zinatoka na ukungu. Mimi napiga wadudu hapahapa Dodoma, vichakani kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kando ya bwawa la Hombolo, na nakwambia lenzi ya makro isubiri. Tatizo lako ni mwanga.

Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita 10 za mwili zikae kwenye milimita 10 za sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), eneo linaloonekana vizuri kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, ni kama milimita 1 tu. Ukipumua, jicho limeshatoka kwenye fokasi. Ukifungua tundu la lenzi upate mwanga, eneo hilo linazidi kuwa jembamba. Ukilibana zaidi, mwanga unapungua na kasi ya kamera kupiga picha inashuka, na upepo wa Dodoma unaujua. Flashi ndiyo dawa: ikiwa kwenye nguvu ndogo, mmweko wake ni mfupi mno, kwa hiyo jani likitikisika kidogo picha haiharibiki. Ila lazima uilainishe. Mimi nakata dumu jeupe la plastiki na kulifunga mbele yake, likaribie kabisa kumfikia mdudu. Flashi tupu kwenye gamba la mende inaacha doa jeupe na rangi yote inapotea.

Kwa ukaribu, tafuta lenzi ya 50mm na tyubu za kurefusha, zile pete zisizo na kioo ndani zinazokaa kati ya lenzi na kamera. Zikifika jumla ya milimita 50 umeshapata ukubwa halisi. Chukua zenye pini za umeme, la sivyo kwenye lenzi nyingi za kisasa hutaweza kubana tundu. Kisha zima fokasi ya otomatiki, usogee mwenyewe mbele na nyuma taratibu.

Toka kabla ya jua. Mdudu hupata nguvu kwa joto, na alfajiri ya Juni au Julai kereng'ende anakuwa ametulia kwenye unyasi, unamfikia bila shida. Jua likipanda, humpati.

Anza na vunjajungu, ni mvumilivu. Utaona kinukta cheusi jichoni kinachokufuata kila unakohamia. Si mboni. Jicho lake ni vijicho vingi vidogo, na vile vilivyokuelekea moja kwa moja vinameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana vinaonekana vyeusi. Weka fokasi hapohapo.

Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie. Tafadhali usifanye hivyo. Unamtesa bure, na mzoefu atagundua tu, miguu inakaa vibaya.

Na nyuma ya mdudu pakitoka peusi tii, ni kwa sababu mwanga wa flashi haufiki mbali. Shikilia jani sentimita chache nyuma yake, utapata rangi.